Soketi ya Pili na Mapumziko ya Dereva

Dereva wa lori ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine yeyote, na muda wake wa kupumzika si zawadi ya tajiri bali ni haki yake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya jambo hili limeandikwa katika kanuni namba 561 ya mwaka 2006: dereva akiisha kuendesha saa 4 na nusu, sharti apumzike dakika 45. Aweza kuzigawa, 15 kwanza na 30 baadaye, lakini katika muda huo haruhusiwi kuendesha wala kufanya kazi nyingine yoyote.

Sasa malori ya umeme yamekwisha kuingia barabarani, nayo yametuletea swali. Je, dakika hizo 45 zitakuwa za kumpumzisha mtu, au za kuihudumia betri?

Na tutazame hesabu. Lori la Mercedes-Benz liitwalo eActros 600 huchukua betri za kilowati-saa 621. Kuzijaza kutoka asilimia 20 hata asilimia 80 kwataka karibu kilowati-saa 370. Soketi ya kawaida ya Ulaya hupitisha ampea 500, na kwa betri ya volti 800 hizo ni kilowati 400. Hata mambo yakienda vyema kabisa, kazi hiyo yachukua dakika 55 na zaidi. Mapumziko yamekwisha, na lori bado lanyonya umeme.

Hapo ndipo inapofaa soketi ya pili, na faida zake ni mbili.

Ya kwanza ni upande. Vituo vingi vya kuchajia vilijengwa kwa ajili ya motokaa ndogo. Lori lenye tela likifika, na soketi yake iko kushoto hali mtambo uko kulia, waya haufiki. Dereva hana budi kufungua tela, kuliacha kando, kugeuza kichwa cha lori, na baadaye kulifunga tela tena. Hiyo ni kazi, tena nzito, na kuiita mapumziko ni kumdhulumu. Soketi moja kila upande, zikitumika kwa zamu, zamwondolea taabu hiyo.

Faida ya pili ni nguvu. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nchini China mabasi na malori makubwa yamezoea kuchajiwa kwa plagi mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu plagi moja ya kipimo cha mwaka 2015 haikupitisha zaidi ya ampea 250. Tena joto la waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo wa umeme. Mkondo ukigawanywa sawasawa katika nyaya mbili zilizo sawa, kila waya hupata robo tu ya joto ambalo waya mmoja ungelipata.

Lakini asije mtu akadhani kwamba yatosha kutoboa bodi na kuunga waya. Soketi zote mbili zafikia betri ile ile. Pasipo swichi kubwa za kuzitenga, vyuma vya soketi isiyotumika vitakuwa na volti 800, na hizo huua. Kila soketi yahitaji chombo chake cha kusemezana na mtambo, na lori lisiweze kuondoka maadamu plagi hata moja imechomekwa. Tena kila mtambo hupima kama umeme unavuja. Mitambo miwili ikipima betri moja pamoja, huvurugana. Kwa hiyo kazi hii ni ya kiwanda au ya fundi aliyefunzwa, si ya kubahatisha gerejini.

Wako watakaosema kwamba plagi kubwa ya megawati, iliyozinduliwa Oslo mwaka 2022 na kukusudiwa kupitisha hadi megawati 3.75, itamaliza mambo yote. Ni kweli kwamba ni jambo jema. Lakini kanuni ya Ulaya namba 1804 ya mwaka 2023, iliyoagiza vituo vya malori kila kilomita 60 katika njia kuu ifikapo mwisho wa 2030, yataka kila kituo kiwe na kilowati 3,600, na kati ya mitambo yake angalau miwili iwe ya kilowati 350. Plagi za kawaida, basi, zitakuwa nasi miaka mingi. Lori lenye soketi ya aina zote mbili halitafukuzwa na kituo chochote.

Yatupasa pia kuangalia wenzetu. Lori moja likishika plagi mbili za mitambo miwili, dereva wa nyuma atangoja. Afadhali mtambo mmoja wenye nyaya mbili.

Wenye viwanda wanapochora lori, wasihesabu kilomita na kilowati peke yake. Wahesabu pia dakika 45 za yule anayelishika usukani, kwa maana dereva aliyechoka ni hatari kwake na kwa kila mtu aliye njiani.