Kichocho Huingia kwa Ngozi, si kwa Kinywa

Bwawa linalochimbwa kwa ajili ya maji ya matumizi huwa pia mahali pa kuogelea na kufulia. Maji yakitulia na majani kuota, konokono wa kichocho hupata makao. Ndivyo ilivyo pia katika ghuba tulivu za Ziwa Nyasa, mwambao uliokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012.

Mgonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa na vimelea humwingia konokono. Baada ya wiki kadhaa hutoka, hasa mchana, na kupenya ngozi ya muogaji kwa dakika chache. Hivyo, kuchemsha maji ya kunywa pekee hakutoshi. Maji ya kuogea yachotwe bila konokono na yakae siku mbili, vimelea vife.

Mkojo wenye damu si dalili ya balehe. Kwa mwanamke, kichocho cha shingo ya kizazi hudhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa. Mhudumu aulize mgonjwa huoga wapi. Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kilo ya uzito, huua minyoo iliyokomaa, lakini haizuii maambukizi mapya. Kinachokata mzunguko ni choo.