Smith wa Mesquite, Mshana wa Ugweno

Mwezi uliopita nilikuwa nimeketi mezani hapa Mesquite nikijaza N-400, fomu ya kuomba uraia wa Marekani. Kijana wangu wa darasa la tano alikuwa akichungulia. Tulipofika kwenye swali la kama ninataka kubadilisha jina kisheria, akadakia: "Mama, andika ndiyo! Tuitwe Smith." Shuleni wanamwita "Emushana" au "Mishana", naye amechoka kusahihisha.

Nusura nikubali. Mimi ni nesi, na kila zamu narudia jina letu mara tatu kwa mgonjwa.

Lakini nikamuuliza: unajua Smith maana yake nini? Hakujua. Smith ni mhunzi, fundi wa kufua chuma. Zamani Uingereza watu wa kawaida walikuwa na jina moja tu. Kati ya karne ya 12 na ya 14, akina John walipozidi kijijini, wengi walitofautishwa kwa kazi zao: Taylor mshona nguo, Baker mwoka mikate, Smith mhunzi. Kila kijiji kilihitaji mhunzi, hivyo jina likaenea. Baadaye hapa Marekani wahamiaji wa Kijerumani walioitwa Schmidt, ambao pia ni wahunzi, baadhi yao waligeuza wakawa Smith. Sensa ya mwaka 2010 ilikuta akina Smith zaidi ya milioni 2.4, jina linaloongoza nchini.

Usiku tukampigia babu yake Mwanga, kwao kumekucha. Mzee alicheka sana. "Mjukuu wangu, wewe ni Smith tayari! Washana ndio wahunzi wa Upare."

Akamsimulia habari za mivukuto na nyundo, na chuma cha Ugweno kilichouzwa hadi kwa Wachagga kwa ajili ya majembe na mikuki. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameandika pia kuwa Washana walitawala Ugweno kabla ya Wasuya kushika hatamu.

Kijana akanyamaza, kisha akauliza: "Babu, kumbe hata mfalme alikuwa Mshana?"

Kwenye fomu niliweka alama ya hapana. Siku iliyofuata mwalimu alipokosea tena, mtoto alimsahihisha, kisha akamweleza maana yake.

Ndugu msomaji, na jina la ukoo wenu linatokana na nini? Wapigie wazee uwaulize, kabla hujafika kwenye swali hilo la fomu.