Mafuta ya ngazi ndani ya motere ya mazutu: yanawaka, lakini yanaiua

Wandugu, tuanze na mashini ya kusaga. Kule kwetu Sandoa, wakati wa mvua, kamioni ya mazutu kutoka Kolwezi inaweza kukwama njiani siku nyingi. Mashini inanyamaza, wamama wanarudia kinu. Mwaka mmoja mjomba wangu, mwenye mashini ndogo, alichoka kungoja. Akachuja mafuta ya ngazi kwa kitambaa, akamimina ndani ya tangi. Motere ikawaka! Ikazunguka siku ile, kesho yake, na siku zingine. Kisha ikaanza kutoa moshi mzito, ikakosa nguvu, ikagoma kabisa. Fundi alipoifungua alikuta makaa kwenye ncha ya injektere na ringi za pistoni zimenata. Watu wakasema: "Mafuta ya kula hayawaki." Mimi nasema hapana, yaliwaka. Shida ilikuwa kwingine.

Motere ya esansi inawashwa na cheche ya buji. Ya mazutu haina buji. Pistoni inabana hewa peke yake, mara 15 mpaka 20 hivi, na hewa inapata joto linalopita digrii 500. Hapo njo injektere inarusha mafuta. Lakini mafuta hayawaki yakiwa majimaji. Lazima yapasuke yawe kama ukungu, yageuke mvuke, yachanganyike na hewa, halafu yajiwashe yenyewe. Muda kati ya kurushwa na kuwaka ni mdogo sana, karibu elfu moja ya sekunde. Ukirefuka, mafuta mengi yanajikusanya, kisha yanawaka yote mara moja: njo ile sauti ya kugonga-gonga unayosikia motere ikiwa baridi.

Upesi wa kujiwasha unapimwa kwa namba ya setani (setani, siyo shetani, msicheke). Mazutu ya kawaida iko karibu na 50. Setani yenyewe, ile inayopewa 100, ni mnyororo ulionyooka wa kaboni 16. Sasa angalieni mafuta ya ngazi: karibu 44 kwa mia ya minyororo yake ni asidi ya palmitiki, nayo imenyooka, nayo ina kaboni 16! Kumbe tuko na kitu kizuri mkononi. Tatizo ni kwamba minyororo mitatu imefungwa pamoja kwenye mgongo mmoja wa gliserini, kama kitana cha meno matatu. Kwa hiyo mafuta ni mazito, karibu mara kumi kuliko mazutu. Injektere inatema matone makubwa. Tone kubwa linaungua upande wa nje, ndani linapikwa tu mpaka kuwa makaa. Mengine yanateleza kwenye ukuta wa silinda na kuharibu oili ya motere.

Dawa ilipatikana zamani. Tarehe 31 Agosti 1937, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hati ya uvumbuzi ya Ubelgiji namba 422,877, ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa esta. Mwaka 1938 basi la abiria lilitembea kati ya Brussels na Louvain kwa esta ya mafuta ya ngazi. Walipopima setani yake wakapata 83. Mwaka 1942 ripoti ya kazi ile ikachapwa katika gazeti la kilimo la Kongo ya Wabelgiji. Inaniuma kidogo kuona kwamba sisi wenye mingazi tunaisikia habari hii leo.

Kazi yenyewe ni hii: unachanganya mafuta na alkoholi na soda kostike kidogo, ile ya watengenezaji wa sabuni. Minyororo inaachana na gliserini, kila mmoja unashika alkoholi yake ndogo. Gliserini inazama chini, juu inabaki esta nyepesi. Ina oksijeni karibu 11 kwa mia ya uzito wake, kwa hiyo masizi yanapungua. Nguvu yake kwa kilo ni pungufu ya mazutu, tuseme 12 au 13 kwa mia.

Najua mtu atauliza: si tutumie lutuku? Chavanne alitumia ethanoli, ni kweli, na lutuku ni ethanoli. Lakini lutuku ina maji mengi, na hata ukiichemsha na kuikusanya tena na tena haipiti 95 au 96 kwa mia hivi. Maji pamoja na soda yanakupa sabuni. Mafuta yaliyokwisha kukaanga vitumbua yana shida ileile: yana maji, tena yana asidi huru inayokula soda. Lazima kwanza uyakaushe kwa moto na upime asidi. Na methanoli inafanya kazi vizuri zaidi, lakini inapofusha na kuua. Usiiweke ndani ya chupa ya kunywea.

Halafu kuko baridi. Esta ya ngazi inaanza kuganda karibu digrii 13 mpaka 16. Hapa Kolwezi, usiku wa Juni na Julai, baridi inashuka chini ya 10. Asubuhi filta imeziba. Afadhali uichanganye kidogo ndani ya mazutu, au uwashe kwa mazutu kwanza, motere ipate moto.

Mjomba amenunua injektere mpya. Ananiomba lita 5 za kujaribu. Nimemwambia tungoje Septemba, na kwanza nipate alkoholi isiyo na maji.