Dola bilioni 46 na mpangaji anayesubiri

Katazo la kuwafukuza wapangaji, lililowekwa wakati wa janga la UVIKO-19, lilipofikia ukomo nchini Marekani, tarehe 31 Julai 2021, fungu la msaada wa dharura wa kodi ya nyumba lilikuwa bado limejaa. Bunge la nchi hiyo lilitenga dola bilioni 25 Desemba 2020, likaongeza bilioni 21.55 Machi 2021. Katika jumla hiyo ya bilioni 46.55, zilizokuwa zimetumika ni kama bilioni 5.1 tu, yaani dola 11 katika kila 100. Serikali ililirudisha katazo mwanzoni mwa Agosti, na tarehe 26 Mahakama ya Juu ikalifuta.

Pesa hazikukosekana, zilikwama njiani. Majimbo, kaunti na miji ililazimika kuanzisha ofisi za kuzigawa kutoka sifuri. Mpangaji aliyepoteza kibarua akadaiwa mkataba, stakabadhi za mshahara na mara nyingi saini ya mwenye nyumba. Wizara ya Fedha ilikwisha kuruhusu tamko la mwombaji mwenyewe litoshe, lakini ofisi nyingi ziliendelea kudai karatasi. Mgao nao ulikuwa na kasoro. Kila jimbo lilihakikishiwa angalau dola milioni 200 katika awamu ya kwanza, kwa hiyo Wyoming, yenye watu wasiofika 600,000, ilipata zaidi ya dola 330 kwa kila mkazi. Wastani wa nchi nzima ulikuwa kama 75.

Baadaye kasi iliongezeka, na idadi ya malipo ikapita milioni 10. Awamu ya mwisho ilifungwa Septemba 2025. Wanaokwama leo, wakiwemo ndugu zetu wakimbizi wa Kongo waliohamishiwa huko, hutegemea zaidi mifuko midogo: makanisa, mashirika ya hisani kama Salvation Army na Catholic Charities, na ofisi za kaunti.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Chukulia kodi ni dola 1,200 kwa mwezi, na mashirika matatu yako tayari kutoa 300 kila moja. Ukiomba ukiwa na deni la mwezi mmoja, unabakiwa na 300 za kutafuta, na hizo mtu anaweza kuchangiwa na jamaa. Ukingoja hadi miezi mitatu, deni ni 3,600, msaada ni ule ule 900, na pengo ni 2,700, bado hujahesabu faini ya kuchelewa na gharama za mahakama. Tena mashirika mengi hayatoi hata senti mpaka yahakikishiwe kwamba mchango wao utalimaliza deni. Aibu ya kuomba mapema ni ghali mno, na naomba kila familia iliyoko huko ilijue hili kabla mwezi wa pili haujaingia.

Njia ya kuanzia ni kupiga simu 211, namba ya kuelekezwa kwenye misaada, inayofanya kazi karibu nchi nzima. Omba mkalimani kwa kutaja lugha yako. Andaa mkataba, kitambulisho, na barua ya mwenye nyumba inayotaja kiasi unachodaiwa. Wenye nyumba wengi huiandika bila ubishi, maana wao ndio watakaolipwa. Karatasi ya mahakama ikifika, nenda siku iliyoandikwa hata kama ombi lako bado linashughulikiwa: asiyefika hutolewa hukumu bila kusikilizwa.