Je, Wajua? Tangi la Maji ya Chumvi Linapoanza Kuzorota

Je, wajua kwamba chumvi haiondoki na mvuke? Maji hupaa, chumvi yote hubaki. Tangi la lita 200 lenye kiwango cha bahari, gramu 35 kwa lita, limebeba kilo saba za chumvi. Joto la Dar es Salaam likikausha lita 20, kilo zile saba sasa zimo ndani ya lita 180, na kiwango kimepanda hadi karibu 39. Mwenye tangi anaona maji yameshuka, anajazia ndoo ya maji ya bahari, na ndoo hiyo ya lita 20 inaleta gramu 700 nyingine. Akirudia mara nne, tangi limefika gramu 49, chumvi kupita Bahari ya Shamu, huku yeye akinunua chupa za vitamini kwa sababu matumbawe yamenywea. Kilichopotea kwa mvuke hurudishwa kwa maji yasiyo na chumvi, kidogo kidogo kila siku.

Je, wajua kwamba kipimo chenyewe cha chumvi huweza kusema uongo? Kile cha plastiki chenye mshale hudanganywa na viputo vya hewa: vikiganda kwenye mshale huuinua, nawe unasoma chumvi ambayo haimo. Refraktomita, inayopima chumvi kwa mpindo wa mwanga, ni bora, mradi irekebishwe kwa maji maalumu ya gramu 35 kwa lita. Ikirekebishwa kwa maji matupu, huweza kuwa sahihi kwenye sifuri na kukosea pale pale unapoihitaji.

Bahari nayo haina chumvi moja mwaka mzima. Wakati wa masika, maji yaliyochotwa karibu na mdomo wa mto huwa yamezimuliwa na mvua, tena yamebeba tope na mbolea za mashambani. Anayetegemea maji ya bahari achote wakati yamejaa, mbali na mito. Walioko Dubai wana tatizo la kinyume: maji ya Ghuba hufika gramu 40 kwa lita.

Je, wajua kwamba amonia ileile huua upesi zaidi kwenye tangi la chumvi kuliko la maji matamu? Amonia majini huwa ya sura mbili, na ile yenye sumu kali huongezeka kadiri pH inavyopanda. Kwenye pH 7 na nyuzi 25 za Selsiasi, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia moja. Kwenye pH ya bahari, 8.2 hivi, ni kama mara kumi ya hapo.

Ndiyo maana mfuko wa samaki aliyesafiri ni mtego. Njiani samaki anatoa amonia, lakini pia anatoa hewa ya ukaa inayoshusha pH ya maji ya mfukoni, kwa hiyo sumu inatulia. Fungua mfuko: hewa ya ukaa inatoroka, pH inapanda, na amonia iliyolala inaamka. Mnunuzi mwenye huruma anayeudondoshea mfuko uliofunguliwa maji ya tangi kwa saa mbili, ili samaki azoee taratibu, anamchovya kwenye sumu kwa saa mbili. Muulize muuzaji kiwango chake cha chumvi mapema, uandae maji yanayolingana. Acha mfuko uelee ukiwa umefungwa hadi joto lifanane, kisha fungua na umhamishe samaki bila maji ya mfukoni.

Wajua kwamba usafi huua? Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye mawe na sponji za tangi jipya. Sponji zote zikisuguliwa siku moja kwa maji ya bomba yenye klorini, jeshi hilo limefutwa asubuhi moja. Osha nusu, tena kwa maji uliyoyatoa tangini.

Je, wajua kwamba nitriti inayowatia wafugaji kiwewe si tishio kubwa kwenye maji ya chumvi? Kloridi nyingi iliyomo majini huizuia kupenya kwenye matamvua. Usumbufu wake mkubwa ni kwamba huvuruga kipimo cha nitrati, kikasoma juu kuliko ukweli.

Samaki wakijipanga juu ya maji wakihema, usikimbilie dawa. Maji ya chumvi yenye nyuzi 25 hubeba oksijeni takriban miligramu 6.8 kwa lita, wakati maji matamu ya joto hilohilo hubeba 8.3. Joto likipanda oksijeni hupungua zaidi, na usiku mwani na matumbawe huacha kuitengeneza na kuanza kuitumia. Tangi linalopendeza saa kumi jioni linaweza kuwa hoi saa kumi alfajiri. Elekeza pampu iutikise uso wa maji. Feni ndogo inayopuliza juu yake hushusha joto kwa nyuzi mbili tatu, ila itakulazimu kujazia maji mara nyingi zaidi.

Je, wajua kwamba pH inaweza kushushwa na wageni waliokaa sebuleni? Chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi hujaa hewa ya ukaa, nayo huingia majini. Kabla ya kununua chupa ya kupandisha pH, chota glasi ya maji ya tangi, ipeleke nje, ipulizie hewa kwa pampu ndogo muda wa saa moja, upime tena. pH ikiwa imepanda, dawa yako ni dirisha.

Je, wajua kwamba kalsiamu inaweza kuonekana salama huku matumbawe yakififia? Mifupa ya matumbawe hujengwa kwa kalsiamu na kaboneti pamoja. Kaboneti hupimwa kama alkaliniti, kwa digrii za Kijerumani, na bahari ina takriban 7. Alkaliniti ikishuka digrii 2.8, kalsiamu inayoondoka ni miligramu 20 tu kwa lita. Kwa hiyo tangi lililotoka digrii 9.8 hadi 7 limepoteza zaidi ya robo ya alkaliniti, ilhali kalsiamu imetoka 420 hadi 400, tofauti ambayo vipimo vingi vya nyumbani havioni. Mimi ningekuwa na pesa ya kipimo kimoja tu cha matumbawe, ningenunua cha alkaliniti. Na ukirudisha kilichopungua, kirudishe kwa siku kadhaa. Ukimimina kalsiamu na kaboneti mahali pamoja kwa wakati mmoja, utaona wingu jeupe: hiyo ni chokaa, na pesa yako imezama nayo.

Rangi za uchafu husomeka. Vumbi la kahawia kwenye mchanga mpya ni mwani mdogo sana uitwao dayatomu. Hula silika na mara nyingi hutoweka wenyewe. Utando mwekundu unaoinuka kama shuka yenye viputo si mwani, ni bakteria. Nyuzi za kijani ni chakula kingi, hata kama kipimo cha fosfati kinasoma sifuri, kwa kuwa mwani umeshaila kabla hujaipima. Kamasi ya kahawia yenye viputo vilivyonasa kwenye nyuzi zake, inayotokea baada ya nitrati na fosfati kufika sifuri kabisa, huenda ni vijiumbe viitwavyo dinoflajelata. Hapo maji yamekuwa safi kupita kiasi, na konokono wanaoila wanaweza kufa.

Je, wajua kwamba dawa ya mbu iliyopulizwa sebuleni hufika tangini bila kopo kuelekezwa huko? Pampu ya hewa hunyonya hewa ya chumba na kuisukuma majini. Dawa nyingi za aina hiyo ni pairethroidi, kemikali zilizoigwa kutoka sumu ya ua la pareto, lile linalolimwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Kwa binadamu hazina ukali mkubwa; kwa samaki ni kali mno. Kamba na kaa wana undugu wa karibu na wadudu, basi huangukia mgongo mapema. Hii ni alama nzuri ya uchunguzi: kamba wamekufa, samaki bado wanaogelea, basi shuku sumu ya wadudu au shaba. Zima pampu na ufunike tangi kabla ya kupuliza. Ikiwa imeshaingia, badilisha maji mengi na uweke mkaa maalumu wa kuchujia. Shaba, inayotumika kama dawa ya samaki, ni kero ya muda mrefu zaidi: tangi lililotibiwa nayo hufyonza sehemu yake kwenye mawe, kisha huirudisha majini baadaye, wakati mmiliki ameshasahau.

Wajua nani husingiziwa kuliko wote? Mnyoo wa miiba. Mtu anawasha taa usiku, anamkuta juu ya mzoga wa samaki, anatoa hukumu. Mara nyingi mnyoo huyo amekuja matangani. Wakizidi, ujue unalisha kupita kiasi. Jongoo bahari, yule mpole asiyeshukiwa na mtu, akifa au akikamatwa na pampu anaweza kutoa sumu inayoangamiza samaki wote waliomo.

Je, wajua kwamba madoa meupe yakitoweka kwa samaki ugonjwa huenda ndio unaanza? Kimelea Cryptocaryon irritans humwacha samaki siku chache baada ya kumla, huanguka chini, hujifungia ganda na kuzaana humo, kisha hurudi kwa mamia. Wengi husherehekea katika mapumziko hayo. Tiba ya shaba hufanyika kwenye tangi la pembeni, nalo tangi kuu huachwa bila samaki. Wafugaji wengi huliacha hivyo siku 72 hadi 76.

Wengine humnunua samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, ili ale vimelea hivyo. Huyu ni miongoni mwa samaki wa mapambo wanaovuliwa pwani ya Kenya na kuuzwa ng'ambo. Baharini huhudumia samaki wengi kwa siku. Kwenye tangi lenye wateja wanne, mara nyingi hufa njaa.

Umeme ukikatika, oksijeni huisha kabla ya kitu kingine. Anna Thynne, aliyefuga matumbawe jijini London kuanzia mwaka 1846, hakuwa na pampu. Msaidizi wake wa nyumbani alimimina maji toka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi. Jagi lako litafanya kazi hiyohiyo. Ila kichujio cha kopo lililofungwa, kikikaa saa nyingi bila mkondo, hugeuka shimo la maji yaliyooza: mwaga yaliyomo kabla ya kukiwasha.

Ukikata tamaa ukaamua kuanza upya, usichemshe mawe. Matumbawe ya jamii ya Palythoa yaliyoota juu ya mawe hayo huweza kuwa na palitoksini, sumu iliyotengwa kwa mara ya kwanza Hawaii mwaka 1971, na watu wamelazwa hospitalini kwa kuvuta tu mvuke wa sufuria.

Wala usimwage tangi baharini. Mwani Caulerpa taxifolia uliokuwa ukifugwa matangini ulionekana mwaka 1984 chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, kipande cha mita moja ya mraba hivi. Baadaye ulitanda maelfu ya hekta za Mediterania. Ulipojitokeza huko California mwaka 2000, ulifunikwa kwa maturubai na kupigwa klorini. Kazi ilikamilika mwaka 2006, kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 7.