Umeme wa Tarakimu Ishirini

Mwananchi wa Mtinko aliyekwisha kuingiziwa umeme nyumbani kwake hana haja tena ya kumngoja msoma mita wala ankara ya mwisho wa mwezi. Hulipa kwanza, kwa simu au kwa wakala, kisha hupelekewa namba yenye tarakimu 20, akaibonyeza katika mita, na taa ikawaka. Huo ndio mpango wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ambao Shirika la Umeme, TANESCO, liliuanzisha katika miaka ya 1990. Umeondoa ugomvi mwingi wa ankara za kukisia, na kwa hilo hatuna budi kuusifu.

Hata hivyo, mpango huo umeleta badiliko ambalo halisemwi sana. Zamani umeme ulitegemea mtambo, nguzo na waya. Leo unategemea pia kompyuta iliyoko mbali na mawimbi ya simu. Nguzo zaweza kuwa zimesimama wima na waya una umeme, na bado nyumba ikakaa gizani kwa kuwa namba haikufika. Hayo yalitokea Mei 2021, mitambo ya LUKU ilipopata hitilafu na wateja kushindwa kununua umeme kwa siku kadhaa. Mijini watu walipanga foleni katika ofisi za Shirika. Wa Mtinko, ili apange foleni hiyo, ni lazima kwanza atafute nauli ya kwenda Singida mjini.

Mwaka 2024 likazuka jambo jingine. Kila namba ya umeme hubeba ndani yake dakika iliyotolewa, ili mita iweze kuikataa ikirudiwa. Dakika hizo zilihesabiwa tangu 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa haikutosha kuhesabu zaidi ya dakika milioni 16 na kitu, ambazo zilitimia 24 Novemba 2024. Mita za aina hiyo duniani kote, si za Tanzania peke yake, zilipaswa kurekebishwa kabla ya siku hiyo. Basi mteja alipewa mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kuirekebisha mita, la tatu la umeme wenyewe. Tarakimu 60, kwa utaratibu, bila ya kukosea! Kwa kijana huo ni mchezo. Kwa bibi asiyeona vizuri ni kazi ya kumtafuta mjukuu.

Serikali imejitahidi kuushusha umeme hadi kwa mnyonge. Ada ya kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000, na mtumiaji mdogo hutozwa bei nafuu. Lakini mnyonge hununua kidogo kidogo, wa shilingi elfu moja leo, wa elfu mbili keshokutwa. Kwa hiyo yeye huihitaji kompyuta ya Shirika mara nyingi zaidi kuliko tajiri anunuaye wa mwezi mzima, na kompyuta hiyo inapolala, yeye ndiye wa kwanza kuingia gizani.

Sasa Shirika limeanza kufunga mita janja, ambazo hupokea umeme ulionunuliwa bila ya mtu kubonyeza kitu. Twazikaribisha. Ila mita hizo nazo huzungumza kwa mawimbi, na mawimbi yakiwa hafifu zitakuwa bubu. Tunashauri mteja wa kijijini abakiziwe vibonyezo vyake, na mita iwekewe uniti chache za dharura za kukopesha mitambo inapokwama, zikatwe katika manunuzi yanayofuata. Tena kila programu mpya ijaribiwe kijijini kabla ya kusifiwa maofisini.

Wakati wa kukamua alizeti, mwenye mashine aliyeishiwa uniti saa nne asubuhi hana nafasi ya kungoja kompyuta ipone. Magunia yamekwisha kufika mlangoni, na wenyewe wameyakalia.