Yadondokeapo Sipo Yaingiliapo

Mtaa wa Mutanga Sud umekaa juu ya mteremko, upande wa mashariki wa jiji la Bujumbura, ambapo nchi huanza kupanda kutoka Ziwa Tanganyika kuelekea milimani. Na kwa kuwa njia zake nyingi zimeinama, gari lililoegeshwa huko aghalabu halilali sawa, bali huinua pua au mkia. Jambo hilo mwenye gari halitii maanani wakati wa kiangazi. Ifikapo Oktoba, mvua zikarejea, na mwenye Hiace ya zamani akafungua mlango asubuhi akakuta zulia limelowa chapa na matone yananing'inia darini, mlalo huo huwa ni ushahidi wa thamani kubwa. Lakini yeye hulitazama tone, hulitazama bati lililo juu yake, na hukata hukumu kwamba tundu liko papo hapo. Ni nadra hukumu hiyo kuwa sahihi.

Maji hayaanguki wima kila yapatapo nafasi. Chembe zake huvutana zenyewe kwa zenyewe, na huvutwa vilevile na bati, rangi na kioo; kwa hiyo tone lililopenya katika mshono wa paa huganda upande wa chini wa bati, likateleza kwa kuufuata ubavu wa chuma au waya wa taa, mpaka likutane na kizuizi, kichwa cha skrubu mathalani, au kikunjo cha kitambaa cha dari, ndipo uzito wake ushinde na lidondoke. Baina ya mahali lilipoingilia na mahali lilipodondokea panaweza kuwa na mita nzima au zaidi. Likiegeshwa gari hali limeinua pua, maji yaliyoingia juu ya kioo cha mbele hukimbilia nyuma na kulowesha kiti cha mwisho. Usiku wa pili likigeuzwa, pedali za dereva ndizo zitakazoelea. Fundi mwerevu, kabla hajagusa bisibisi, huuliza kwanza gari hulazwa vipi nyumbani.

La ajabu zaidi ni kwamba maji hupanda. Tabibu wa Kiingereza aitwaye James Jurin alieleza mwaka 1718 kwamba ndani ya mrija mwembamba maji hupanda juu zaidi kadiri mrija unavyozidi kuwa mwembamba, na kanuni iyo hiyo hutumika kwa mwanya ulio baina ya vipande viwili vilivyokaribiana. Vioo viwili safi vilivyoachana kwa sehemu moja ya kumi ya milimita vyaweza kuyapandisha maji karibu sentimita 15. Bati lililopakwa rangi halina mvuto mkubwa kama wa kioo safi, walakini ukingo unaoshika mpira wa kioo cha mbele una kimo cha sentimita moja au mbili tu, na kuuruka huo si kazi ngumu. Fauka ya hayo, uko upepo. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa husukumwa usoni na hewa kwa nguvu iwezayo kuinua maji kiasi cha milimita 15, na dirisha likiachwa wazi kidogo, hewa ya ndani huweza kupungua ikawa kana kwamba inayanyonya maji ya nje. Ndiyo maana liko gari lilalalo mvuani usiku kucha likabaki kavu, kisha likavuja mara tu lishikapo njia.

Amma nyufa zenyewe, hizo ni kazi ya jua na miaka. Bujumbura haifiki hata nyuzi nne kusini ya Ikweta, na bati la paa hupata moto sana mchana, kisha hupozwa ghafula na mvua ya alasiri. Likitanuka na kunywea hivyo mwaka baada ya mwaka, mastiki iliyojazwa mishononi hupasuka, na mipira hukauka ikawa migumu, isiweze tena kukumbatia kioo. Kutu nayo huingia ufani. Kwa kuwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi, huinyanyua mastiki na rangi kutoka chini yake, ikajifungulia mlango mpana. Katika Hiace za zamani, mahali pa kushuku kwanza ni mfereji mdogo unaozunguka paa, kisha misumari ya kichaga cha mizigo, kisha pembe za kioo cha mbele, kisha mipira ya taa za nyuma.

Hapa nakumbuka kisa cha ziwa lililo chini ya mtaa huu. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Tanganyika mwaka 1858, waliambiwa na wenyeji kwamba mto Ruzizi huingia ziwani wala hautoki. Hawakuweza kufika penyewe, na wataalamu wa Ulaya wakaendelea kubishana miaka mingi kama mto huo huenda ukawa ndio unaolisha Nili. Mnamo Novemba 1871 wasafiri wengine, Livingstone na Stanley, walipanda mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa, wakatazama, na maji yakaonekana yanaingia. Wenyeji walikuwa wamekwisha kusema kweli, na safari moja tu ikaumaliza ubishi ambao karatasi hazikuweza kuumaliza.

Mwenye Hiace naye na asafiri. Atoe viti, zulia na kitambaa cha dari, akaushe kila kitu, kisha apakae vumbi la chaki kwenye mishono ya ndani, ambapo hata tone moja litaacha mstari. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji, akiyaachilia yatiririke taratibu bila kuyarusha. Aanze chini: kwanza milango, kisha taa za nyuma, kisha ukingo wa chini wa kioo, kisha pembe zake, na paa liwe la mwisho, kila mahali apape dakika kadhaa. Akianza na paa, maji yatashukia kila tundu kwa pamoja, na kazi yote itakuwa bure. Pasipo maji ya kutosha iko hila nyingine nzuri: funga vioo vyote, washa feni ya gari ivute hewa ya nje kwa nguvu zake zote, kisha pakaa maji ya sabuni mishononi kwa nje, palipo na ufa patatoa mapovu. Na zulia likilowa hata katika kiangazi cha Julai, isishukiwe mvua. Huenda mrija unaotoa maji ya kiyoyozi umeziba.

Ufa ukishajulikana, haraka huwa adui. Wengi hununua silikoni wakaisiliba juu ya kutu, ilhali silikoni ya bei rahisi, ile inukayo siki inapokauka, hutoa asidi ambayo huila bati, na mabaki yake huzuia rangi isishike baadaye. Kutu ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, kipakwe rangi ya msingi, ndipo itiwe mastiki ya mishono ya magari, na rangi juu yake. Mpira wa kioo ulio mgumu haufai kugundishwa, hubadilishwa. Kule Buyenzi, mtaa wa mafundi, utaona jinsi inavyofanywa: mpira mpya huvikwa kioo, kamba nyembamba ikazungushwa ndani ya mfuo wake, ncha zake zikaachwa ndani ya gari; mpira hupakwa maji ya sabuni, mmoja akakisukuma kioo kwa viganja kutoka nje, na mwenzake aliye ndani akaivuta kamba polepole, nayo ikaupindua mdomo wa mpira, shubiri kwa shubiri, mpaka ukavuka ukingo wa bati pande zote.

Sponji iliyo chini ya zulia hukauka kwa siku nyingi kuliko zulia lenyewe, basi isirudishwe kabla ya wakati wake. Na vile vitundu vilivyo chini ya milango, ambavyo fundi mwenye bidii nyingi huweza kuvidhania kuwa ni makosa ya kiwanda akavijaza mastiki, viachwe wazi na vizibuliwe kwa waya, kwa sababu maji ya kioo cha dirisha hushuka ndani ya mlango kila mvua inyeshapo, nayo hayana njia nyingine ya kutokea.